Mkalimani na Punje ya Pili

Tulimwita Mkalimani, naye akaitikia. Jina lake la kwao tulijaribu kulitamka Jumamosi ya kwanza tu. Mwalimu tuliyecheza naye alilivunja vipande, mimi nikalimalizia kabisa, mwenyewe akatuonea huruma. "Mkalimani inatosha," alisema. Basi ikatosha.

Sitaanza na alikozaliwa wala wazazi wake ni nani. Hakuwahi kutusimulia, na mimi, pamoja na umbea wangu wote, sikumchimba. Ninachokijua ni hiki. Alikuwa binti wa Kichina, mwembamba, aliyekuja Muleba na watu wa kutengeneza barabara, kazi yake kuyageuza maneno ya mabosi yawe Kiswahili na maneno ya vibarua yawe Kichina. Kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa mpira wa vinyoya, badminton, ule wa wawili kwa wawili, mzuri kiasi cha kulelewa kwenye shule ya michezo tangu meno ya utoto hayajamtoka. Na alikuwa na mwenzake wa zamani aliyekuwa akimtumia ujumbe kutoka kila pembe ya dunia, na yeye hamjibu. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima raha kwa miaka mitatu.

Mimi ni Mama Shani. Nina ukumbi pale Bakoba, mtaa wa mji wa Bukoba, niliachiwa na baba yangu, mtu wa pwani aliyekuja Bukoba kuuza vitambaa, akaoa Mhaya wa Kamachumu, na safari ya kurudi kwao ikaishia hapo. Ukumbi naukodisha kwa harusi na maulidi. Chini kwenye sakafu kuna mistari ya rangi nyeupe iliyofifia, ambayo miaka yote nilidhani ni ya kupangia viti.

Siku ya kwanza Mkalimani aliingia akiangalia juu. Hakunisalimia. Alisimama katikati ya ukumbi, shingo nyuma, anayapima maboriti kwa macho, na mimi nipo pale nafagia maua ya plastiki ya harusi ya jana yake. Nikasema moyoni, huyu adabu kaiacha wapi? Mara akashtuka, akaja mbio, akakunja magoti.

"Shikamoo mama. Samahani sana. Je, paa hili lina urefu wa kutosha kwa mchezo wa vinyoya?"

Kiswahili kimenyooka, kimepigwa pasi! Nilicheka mpaka nikaachia ufagio. Akanieleza kwamba kambini Muleba wanacheza nje, upepo unakichukua kinyoya unakitupa migombani, na wenzake wanaona ni mzaha, yeye haoni mzaha. Halafu akaiangalia ile mistari yangu ya viti, akachuchumaa, akaigusa kwa kidole: kumbe ni ya uwanja wa vinyoya. Nikampa Jumamosi asubuhi, kabla wapambaji hawajafika.

Hicho Kiswahili chake alikisomea chuo kikuu cha kwao. Nilipomuuliza kwa nini Kiswahili na si lugha yenye pesa, alijibu kwamba wachezaji walioachwa na timu zao walipewa nafasi chuoni, na darasa la Kiswahili ndilo lililokuwa na viti vitupu. Alimwamkia kila mtu, hadi watoto wa chekechea wa jirani, na wale watoto walivyo mashetani wakawa wanapita mlangoni makusudi wapate "shikamoo" yao. "Marahaba!" wanaitikia kwa sauti nzito, kisha wanatimua mbio. Lakini mwaka haukwisha kabla hajawa mwenyeji. Nilimsikia sokoni akimkatalia muuza nyanya, tena kwa adabu ya Kihaya, "Waitu, hizi umezipanga nzuri juu na mbovu chini," na yule mama akampisha achague mwenyewe. Siku hiyo nilijivuna kana kwamba nimemzaa mimi.

Chakula hakikumshinda. Ebitoke, ndizi zetu za kupika, alikula na chochote kilichowekwa pembeni. Senene, panzi wetu wa kukaanga, alizikataa msimu wa kwanza. Msimu wa pili akawa anazitafuna akiendesha gari la kambi, mfuko umebanwa mapajani. Kichwa cha samaki sato ndicho tulichogombania. Kwangu mimi ndiye mwenye nyumba na kichwa ni changu. Kwake, aliyemzidi mwenzake mbio za kunawa mikono amekipata. Mara nyingi nilikuta kimeshahamia sahani yake, naye ananitazama kwa upole.

Kwa maneno alikuwa mkimya, mtu wa kuitikia kwa kichwa. Ungemwona barabarani na kofia yake ya plastiki ungesema huyu hata inzi hamfukuzi. Shika raketi sasa! Lo! Sauti ilikuwa inapasua bati. Tulikuwa wachache: mimi, Mwalimu wa hesabu wa sekondari moja kule Nyanga, mrefu, mpole, mtu wa kufunga kifungo cha juu hata kwenye joto, na wengine waliokuja wakaondoka. Mimi na Mwalimu tulipangwa pamoja, na aibu yetu ilianzia hapo.

Kwenye mchezo wa wawili, kinyoya kinachokuja pembeni hakina mjadala. Mjadala uko kwenye kile kinachokuja katikati yenu. Mkalimani alitufundisha: anayekichukua apige kelele "Changu!" na anayeachia aseme "Chako!" Rahisi, eti? Sasa fikiria mimi ni mtu mzima, mama wa watoto, na Mwalimu kalelewa na Wahaya wenye kushika heshima. Kinyoya kinakuja katikati, Mwalimu anarudi nyuma hatua moja, mkono kifuani: "Chako, mama." Na mimi, mwenye ukumbi, sitamwacha mgeni wangu bila kumkaribisha: "Hapana, chako, Mwalimu." Tunakaribishana, kinyoya kinatua kati yetu taratibu kabisa, kimelala ubavu.

"Heshima wekeni nje pamoja na viatu!" Mkalimani alifoka. "Hapa ndani asiyechukua ndiye anayemkosea mwenzake!"

Mwalimu aliomba radhi. Kinyoya kilichofuata akanikaribisha tena. Miezi ilipita hivyo, na kila Jumamosi Mkalimani aliuliza, mikono kiunoni, "Katikati ni pa nani?" Ikawa ndiyo salamu yetu. Mpaka leo Mwalimu akinipigia simu huanza na hilo kabla ya kuuliza hali.

Alikuwa mgumu wa kutupa vitu. Vinyoya vilivyokatika alivishona kwa manyoya ya bata ambayo Mwalimu alimletea kutoka Nyanga, na alikataa kuchanganya manyoya ya bawa la kushoto na ya bawa la kulia. Yakichanganywa, alisema, kinyoya hakijui kizungukie upande gani. Huyo huyo asiyetupa unyoya ndiye aliyekuwa na ujumbe wa mwenzake umejaa kwenye simu na hajibu hata mmoja. Nilimwambia hivyo hivyo, mdomo wangu hauna kufuli. Akaendelea kushona.

Habari za huyo mwenzake alinisimulia kidogo kidogo, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za ukumbi tukisubiri mvua ipungue. Walikutanishwa wadogo sana, kwa sababu ya kimo tu: mmoja mfupi wa mbele, mmoja mrefu wa nyuma. Tangu siku hiyo kitanda kimoja cha ghorofa, huyu juu, huyu chini. Ndoo moja ya kuogea. Ukiumwa wewe, mazoezi anaadhibiwa yeye. Walikua, wakaanza kushinda, wakawa mabingwa wa vijana wa mkoa wao, picha yao ikabandikwa kwenye ukuta wa bwalo. Wakija watu kuuliza nani mzuri zaidi, makocha walisema, hao hawatenganishwi.

"Sisi hatukuita," aliniambia. "Changu, chako, hatukusema kamwe. Nilijua anapumua vipi."

Kisha timu ya taifa ikataka mtu mmoja. Walimtaka yule wa mbele, wamuunganishe na mchezaji mwingine. Hakuna aliyekaa na Mkalimani kumweleza. Aliamka, akakuta kitanda cha chini kimeviringishwa godoro. Alidhani mwenzake amewahi mazoezini. Akaenda uwanjani, akasubiri na raketi mbili mkononi, mpaka kocha akamwambia aache kusubiri.

Walimpa mwenza mwingine, halafu mwingine, halafu mwingine tena. "Nilikuwa namsikiliza kila mmoja," alisema, "na kila mmoja alipumua vibaya." Katika umri ambao wenzake wanaanza kung'ara, yeye akaambiwa afungashe.

Mimi nilitokwa na machozi pale kwenye ngazi, sioni haya kusema. Yeye hakulia. Alinyoosha mkono kuona kama mvua imepungua.

Mwenzake alifanikiwa. Alizunguka kote, akionekana kwenye televisheni na nywele zimebanwa. Na kutoka kila mji alimtumia Mkalimani picha ya viatu vyake vya kuchezea, vimewekwa kwenye dirisha la hoteli, nje kunaonekana mahali papya. Bila neno. Mkalimani alizifungua zote. Alizitazama muda mrefu, akafunga simu.

"Mjibu!" nilimwambia.

"Bado."

"Bado mpaka lini, mwanangu? Mpaka viatu viishe soli?"

"Bado, Mama Shani."

Aliipenda hiyo "bado" kuliko maneno yote ya Kiswahili.

Mechi za mwenzake alizitazama ukumbini, kwa simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji, sauti amezima. Siku moja tulikuwa tumemzunguka, mimi na Mwalimu tukimshangilia mtu tusiyemjua kana kwamba ni binti wa Bakoba. Kinyoya kikaja katikati. Mwenzake akaruka kukifuata, na yule mwenza mpya naye akasogea. Mwenzake akajipinda asimgonge, mguu ukabaki nyuma, akaanguka ameshika goti. Walikuja watu na machela.

Mwalimu akasema, "Yaa Allah," taratibu. Mkalimani alinyoosha kidole akagusa kioo cha simu, pale pale katikati.

"Kile hakikuwa chake," alisema. "Aliyekuwa nyuma alipaswa kukichukua."

Alisimama akakunja wavu, ingawa muda wetu haujaisha. Nilidhani usiku ule lazima angemwandikia. Kumbe wapi! Jumamosi iliyofuata nikamuuliza, akasema bado, lakini safari hii aliangalia chini. Nilikasirika. Nilimwambia ana roho ya jiwe. Mwalimu akanivuta kando akanituliza kwa hesabu zake, kwamba mtu akikaa kimya muda mrefu, neno la kwanza linazidi kuwa zito, na si kwamba hana la kusema.

Basi nikaona nimpeleke Kamachumu kwa mama yangu, abadilishe hewa. Mama alikuwa mzee tayari, miguu mibovu, mdomo mzima. Mkalimani alipiga magoti kabisa safari hii, akaamkia kwa Kihaya, "Kasinge, waitu," kama nilivyomfundisha njiani, na mama akampokea kwa mikono miwili kisha akanigeukia: "Huyu mnamlisha?"

Kwetu mgeni hapewi maji kwanza. Anapewa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani yenye harufu, ikakaushwa. Mama aliileta kwenye kikapu kidogo. Akachagua moja, akaipasua ganda kwa kucha, zikatokea punje mbili zimelaliana kifua kwa kifua. Akamwekea Mkalimani zote mbili kiganjani, akamweleza taratibu. Kwamba zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu walichanjana, wakapaka damu kwenye punje hizi, kila mmoja akala ya mwenzake, na huyo humkimbii tena mpaka kaburini. Waliuita omukago. Siku hizi damu hakuna, lakini punje za ganda moja bado hugawi hovyo. Unakula moja, ya pili unampa mtu uliyekuja naye.

Mtu aliyekuja naye ni mimi. Nikafungua kiganja.

Mkalimani akala ya kwanza. Akakunja uso kwa uchungu wake, akameza. Akakitazama kiganja changu. Kisha akatoa karatasi laini mfukoni, akaifunga punje ya pili kwa uangalifu, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Mkono wangu umebaki hewani, jamani!

"Maawe!" mama akasema. Akacheka mpaka akakohoa. "Huyu mtoto ana mtu."

Mimi sikucheka. Niliumia, tena sana. Mtu nimempa ukumbi, nimempa vichwa vya sato, nimemleta kwa mama mzazi, ananipita mbele ya macho yangu. Tulipoanza safari ya kurudi mjini nilinuna, nikatazama migomba upande wangu wa dirisha. Yeye aliendesha, macho barabarani. Mwishowe mimi ndiye niliyeshindwa, kunyamaza si kazi yangu.

"Punje yangu umemwekea nani?"

"Unamjua."

"Namjua, humjibu! Unamwekea kahawa mtu usiyemsalimia? Mjibu leo, la sivyo nirudishie punje yangu."

Alisimamisha gari pembeni. Nikadhani atanishusha. Alifungua kifungo, akatoa kile kikaratasi, akakifungua juu ya goti. Akaiweka punje kiganjani, akaipiga picha. Akaitazama, akaipiga tena. Akaituma hivyo hivyo, picha tupu, bila neno, kama yule anavyotuma viatu. Akawasha gari.

Hatujafika mjini simu ikalia. Akanipa mimi niishike, eti anaendesha. Sijui Kichina, nikamshikia mbele ya uso. Alisoma, akaanza kucheka na machozi yanamwagika, gari linakwenda upande.

"Amesema nini?"

"Anauliza, hiki ni chakula?"

Mkataba wake uliisha msimu wa mvua. Aliondoka na punje yake, raketi zake akatuachia. Aliandika miezi ya mwanzo. Mwenzake amepasuliwa goti, mwenzake anajifunza kutembea, yeye anamshika mkono kwenye ngazi. Baadaye namba yake ikawa haipatikani, na ujumbe wangu ukawa hauendi. Mama alifariki bila kuuona mwisho wa mambo yale, akiwa bado ananitania kuhusu mkono uliobaki hewani. Mimi na Mwalimu tuliendelea na Jumamosi zetu, tukikaribishana kama kawaida. Kusema kweli, niliamini ametusahau. Nilisema hayo kwa kila aliyeniuliza, tena kwa uchungu.

Mwaka huu, msimu wa senene, nilikuwa nafagia ukumbi. Mlango ukafunguliwa. Mtu akasimama, shingo nyuma, anapima maboriti. Hakuwa yeye. Alikuwa mfupi, anaegemea mguu mmoja. Nyuma yake nikasikia sauti ile ya kupasua bati: "Shikamoo, Mama Shani! Katikati ni pa nani?"

Nilimkumbatia mpaka nikamkanyaga. Hakutaka kueleza kimya chake, alisema tu simu ilipotea na namba zote humo, na kwamba aliona heri aje mwenyewe. Nilimpigia Mwalimu, akafika na kifungo chake cha juu. Yule mfupi sikujua nimwite nani. Nikamwita Mwenzake.

Niliuliza nililotaka kuuliza miaka yote: kwa nini aliondoka bila kuaga? Mkalimani alitafsiri, uso mkavu, kama yuko kazini. Yule binti akajibu maneno machache.

"Anasema alisimama kando ya kitanda changu na viatu mkononi. Alijua nikiamka hataweza kwenda. Na walikuwa wanamsubiri kwenye gari." Mkalimani akatazama viatu vya mwenzake. "Anasema ndiyo maana ya zile picha. Kila mji bado amesimama na viatu."

Tulicheza. Mimi na Mwalimu upande huu, wao upande ule, na goti lile bovu wala hatukulionea huruma kwa sababu walitupiga hivyo hivyo. Walikuwa wanapishana bila kutazamana, huyu akiinama huyu ameshainuka. Mwalimu alisimama kuwatazama na kinyoya kikampiga kichwani. Kisha, sijui kwa bahati gani, mimi nikapiga kimoja kikaenda katikati yao kabisa.

Wote wawili walirudi nyuma hatua moja. Kila mmoja akamnyooshea mwenzake raketi.

"Chako," Mkalimani alisema kwa Kiswahili. Na yule mwingine akasema neno kwa Kichina, lisilohitaji mkalimani. Kinyoya kikatua kati yao taratibu, kikalala ubavu.

Hakuna aliyekiokota. Walitazamana. Mkalimani akafunika uso kwa mkono, mabega yakamcheza, na mwenzake akaja akichechemea akamshika shingo. Mwalimu alikohoa, akaangalia nje.

"Mmeona!" nikasema, maana mtu lazima aseme kitu. "Na nyinyi mmeshakuwa watu wa Bukoba. Haya, na ile punje yangu iko wapi?"

Mkalimani alipangusa macho. "Aliila," akasema. "Siku niliyofika kwake hospitali. Akasema ni chungu sana, akala yote." Akaenda kwenye begi lake. "Jana tulipitia Kamachumu kumwamkia mama, tukapelekwa kaburini. Dada yako tuliyemkuta pale alitupa hii."

Ilikuwa kahawa moja ya kutafuna, nzima. Aliipasua ganda kwa kucha, vilevile kama mama. Zikatoka punje mbili, na sisi wanawake tulikuwa watatu pale. Akaweka moja kwenye kiganja cha mwenzake. Mimi nikasubiri, mkono nimeuficha nyuma, sitaki kuaibika mara mbili. Akanizunguka, akaufungua mkono wangu huko huko nyuma, akaniwekea ya pili.

"Na wewe je?" nikamuuliza.

Alikuwa amebaki na ganda tupu. "Mimi yangu nilishakula," alisema, "siku ile kwa mama. Hii ni yako, Mama Shani. Ilichelewa."